Viberiti vya Munsieville: tuisome upya sentensi moja ya Winnie Mandela (uzi mrefu)

Mleta uzi

Wakuu, salamu kwenu.

Kila Aprili ikifika, mwezi aliofariki Mama Winnie, ile sentensi yake huanza kuzunguka tena. Upande mmoja wanaiweka chini ya picha yake akiwa amenyanyua ngumi, upande wa pili wanaitumia kumwita muuaji. Nimesoma mabishano hayo kwa miaka na bado sijaona mtu aliyeketi akaisoma neno kwa neno, kama tunavyosoma shairi au utenzi. Mimi ni mtu wa sarufi, nimeifundisha muda mrefu, na naamini sarufi ya sentensi ile inasema mambo ambayo wanaompenda na wanaomchukia wote hawajayasema. Naomba mnivumilie, uzi ni mrefu.

Kwanza maneno yenyewe. Ni tarehe 13 Aprili 1986, Munsieville, kitongoji cha watu weusi kando ya Krugersdorp, magharibi ya Johannesburg. Winnie anahutubia umati. Anasema hatuna bunduki. Tulicho nacho ni mawe, viberiti na petroli. Kisha anasema: kwa pamoja, tumeshikana mikono, kwa viberiti vyetu na vidani vyetu, tutaikomboa nchi hii.

Kijana ambaye hakuwepo enzi zile anaweza kudhani kidani hapo ni pambo. Ni tairi la gari. Lilitiwa petroli, mtu akavishwa kuanzia shingoni mpaka mikono ikabanwa, likawashwa. Waliofanyiwa hivyo ni walioshukiwa kuwa *impimpi*, yaani vibaraka na wapelelezi wa makaburu. Neno la Kiingereza alilotumia Winnie ndilo lililokuwa midomoni mwa watu wote wakati huo, hakulibuni yeye, na maana yake ya kawaida ni mkufu au kidani.

Sasa tutazame alikuwa nani siku hiyo. Mumewe, Nelson Mandela, alikamatwa Agosti 1962 na mwaka 1986 alikuwa Pollsmoor, gereza alilohamishiwa kutoka Kisiwa cha Robben mwaka 1982. Sheria za makaburu zilikataza kunukuu maneno ya Mandela au kuchapisha picha yake. Kwa hiyo jina kubwa kuliko yote nchini lilikuwa halina sauti, na aliyekuwa na haki ya kulitamka bila kuambiwa anajipendekeza ni mkewe. Mama huyo aliwekwa kizuizini siku 491 kuanzia Mei 1969, sehemu kubwa ya muda huo akiwa peke yake selo. Mwaka 1977 alipelekwa uhamishoni Brandfort, mji asioujua na lugha asiyoijua, na nyumba yake ya huko ilichomwa moto kwa mabomu ya petroli Agosti 1985. Ndipo akarudi Soweto kwa nguvu, serikali itake isitake. Miezi minane baada ya nyumba yake kuteketezwa, anasimama Munsieville na kutaja kiberiti.

Simtafutii udhuru hapo. Nataka tu tuone kwamba yule aliyesema moto hakuujua kwa kuusikia redioni.

Mleta uzi (naendelea)

Tuanze na sentensi ya kwanza, ile ambayo hainukuliwi. "Hatuna bunduki." Katika ufundi wa kuhutubia, kuanza na ulichokosa ni kuwaambia wasikilizaji kwamba unawajua. Kila aliyekuwa pale alijua jeshi lina bunduki na magari ya deraya, na yeye hana. Kisha inakuja orodha: mawe, viberiti, petroli. Jiwe linaokotwa barabarani, kiberiti kinatoka jikoni, petroli inanyonywa kwenye gari. Kiberiti ni kitu ambacho mama yeyote humtuma mtoto dukani akakinunue. Kwa orodha hiyo, aliyekuja mkutanoni akijiona hana kitu anaondoka akijiona ana ghala ya silaha nyumbani kwake. Ni ufundi mkubwa, tukiri. Na hatari yake imo humo humo kwenye ufundi: bunduki inahitaji kambi, mafunzo na amri ya mkubwa, ila kiberiti hakimhitaji kamanda.

Halafu "kwa pamoja, tumeshikana mikono". Haya ni maneno ya kanisani, ya harusi, ya maandamano ya amani. Mtu akiyasikia anasubiri kitu cha upole kifuate. Kinachofuata ni tairi. Nimeisoma mara nyingi na kila mara hapo ndipo nywele zinanisimama, kwa sababu maneno ya upendo yamewekwa mlangoni kumpokea msikilizaji, na akishaingia hawezi kurudi.

Kisha kile kimilikishi, "vyetu". Viberiti vyetu, vidani vyetu. Viongozi wengi walioulizwa kuhusu mauaji ya tairi waliyazungumzia kama jambo la "vijana", la "watu wenye hasira", la "wao". Hata baadaye mwaka uleule, Oliver Tambo, rais wa ANC, chama cha Mandela kilichokuwa uhamishoni Lusaka, alisema chama hakifurahii jambo hilo lakini hakitawalaani watu waliosukumwa kufika huko. Ni jibu la mwanasiasa: mkono mmoja unakataa, mwingine unabembeleza. Winnie alisema vyetu. Kwa silabi mbili aliondoa umbali wote ambao chama kilikuwa kinajaribu kujenga kati yake na tairi.

Lakini jambo kubwa kwangu limo kwenye kitenzi, na nashukuru Kiswahili maana ndicho kinachonionyesha. Tu-ta-i-komboa. *Tu* ni sisi, *ta* ni wakati ujao, *i* ni nchi, *komboa* ni tendo. Sasa niambieni, yule mtu aliyevishwa tairi yuko wapi? Hayumo. Angekuwemo tungesikia *m* au *wa*: tutamchoma, tutawachoma. Mtendwa wa sentensi ni nchi. Watendaji ni sisi. Moto ni kifaa tu, umeletwa na "kwa". Binadamu anayeungua amefutwa kwenye sarufi kabla hajafutwa duniani.

Nataka nimtaje mmoja ambaye sentensi kama hizo hazikumpa nafasi. Maki Skosana, mama kijana wa Duduza. Katikati ya mwaka 1985 mpelelezi wa polisi alijifanya mpiganaji, akawagawia vijana wa eneo lile mabomu ya mkono yaliyokuwa yamechezewa ili yalipuke mikononi mwao. Vijana wakafa. Maki akashukiwa kuwa ndiye aliyewauza. Tarehe 20 Julai alikwenda mazikoni, akakamatwa na umati, akapigwa na kuchomwa mbele ya kamera, na picha zikaonyeshwa dunia nzima. Zaidi ya miaka kumi baadaye Tume ya Ukweli na Maridhiano ilithibitisha kwamba hakuwa mpelelezi.

Desmond Tutu, wakati huo Askofu wa Johannesburg, alikuwa tayari ameingia mwenyewe kwenye umati Duduza kumwokoa mtu aliyekuwa karibu kuchomwa, na baada ya kifo cha Maki alisema hadharani kwamba mambo haya yakiendelea atafungasha aondoke nchini. Na Munsieville, ambako Winnie alikuja kusema maneno yake, ni kitongoji alichoishi Tutu akiwa kijana. Sijui kama kuna mtu pale siku hiyo aliyelikumbuka hilo.

Jibu la 1

Mkuu umeandika vizuri ila mnamsulubu mama wa watu. Nchi ilikuwa vitani. Makaburu waliua 20 Langa, Uitenhage, Machi 1985 kwenye maandamano ya kwenda mazikoni, siku ileile ya kumbukumbu ya mauaji ya Sharpeville. Nani anachambua sarufi ya aliyetoa amri ile? Chama chenyewe kilisema nchi ifanywe isitawalike. Winnie alisema kwa sauti kile wengine walichosema kwa barua.

Mleta uzi

Ndugu yangu, sipingi hata neno. Wito wa kuifanya nchi isitawalike ulitoka Lusaka Januari 1985, kwa kinywa cha Tambo. Na aliyetoa amri Langa alistahili kuchambuliwa na kushtakiwa.

Lakini tazama tofauti ya maneno. "Kuifanya nchi isitawalike" ni msemo wa kamati. Unaweza kuutimiza kwa kugoma kulipa kodi ya nyumba, kwa kususia maduka, kwa kutokwenda kazini. Una milango mingi. "Viberiti vyetu na vidani vyetu" una mlango mmoja tu. Msikilizaji wa miaka kumi na sita hahitaji kuuliza maana yake nini. Hapo ndipo mimi naona kosa la Mama Winnie, na ni kosa la ufundi kabla halijawa la maadili: alitaja chombo, tena chombo ambacho kilikuwa hakimchagui kaburu. Waliovishwa tairi karibu wote walikuwa watu weusi wa vitongoji vyao wenyewe. Sentensi ilikusudiwa kumtisha kaburu wa Pretoria, lakini aliyepaswa kuiogopa zaidi alikuwa jirani.

Jibu la 2

Naomba niulize kama mwanamke. Kwa nini sentensi moja imemfuata huyu mama mpaka kaburini, wakati wanaume waliopanga mabomu wamepewa mitaa na viwanja vya ndege? Nadhani tatizo lilikuwa mke. Mke wa mfungwa anatakiwa alie, asubiri, avae nyeusi. Alipoacha kulia akaongea vita, wote wakashtuka, marafiki na maadui.

Mleta uzi

Dada, hili ndilo swali lililonifanya niandike uzi, na nitakaa hapa kidogo.

Weka sentensi mbili za nyumba moja pamoja. Tarehe 20 Aprili 1964, mahakamani Pretoria, Mandela alimaliza hotuba ya saa kadhaa kwa kusema kwamba jamii huru na ya kidemokrasia ndiyo anayotumaini kuiishi na kuifikia, lakini ikibidi, yuko tayari kuifia. Watu wengi hawajui kwamba hilo "ikibidi" halikuwemo tangu mwanzo. Hotuba ile iliandikwa kwa majuma, ikasomwa na mawakili, na George Bizos ndiye aliyeshauri neno hilo liongezwe ili mteja wake asionekane anaomba kunyongwa. Neno moja. Bila hilo, sentensi ni ya mtu anayemchokoza hakimu. Likiwepo, ni ya mtu anayependa kuishi na ambaye hata hivyo hataogopa.

Miaka 22 baadaye, mwezi uleule, mkewe anasimama mbele ya umati wenye hasira. Umati hauna Bizos. Mkutano wa hadhara haukupi wakili anayekaa kando na kalamu akisema, mama, hapo ongeza "ikibidi". Umati unakusukuma upande mmoja tu, na kila ukisema kali zaidi unapigiwa kelele zaidi.

Tena kuna Zindzi. Februari 1985, Rais P. W. Botha alipomwahidi Mandela kumwachia akikana matumizi ya nguvu, binti yao alisoma jibu la baba yake Uwanja wa Jabulani, Soweto. Alitanguliza "Baba yangu anasema". Maneno yalikuwa ya mtu mwingine, yameandikwa, yamepimwa: naupenda uhuru wangu, lakini naujali zaidi uhuru wenu. Zindzi alikuwa mjumbe, na mjumbe hauawi. Dunia ilimpenda kwa hilo. Winnie kule Munsieville hakusema "mume wangu anasema". Alisema *sisi*. Na kwa kuwa jina lake ni Mandela, dunia ikasikia sauti ya mumewe ndani ya sauti yake, hata pale alipokuwa anasema jambo ambalo mumewe hakulisema.

Hiyo ndiyo shida ya mke wa kiongozi anapopanda jukwaani. Maneno yake hayawi yake peke yake. Akisema jema, sifa inakwenda kwa mume. Akisema baya, watu wanauliza kama katumwa, au wanasema kamponza. Uko sahihi kabisa kwamba mwanamume mwenye cheo angesamehewa, au angesahauliwa. Winnie hakuwa na cheo cha kujificha nyuma yake. Alikuwa na ndoa, na ndoa haina msemaji wa kutoa ufafanuzi kesho yake asubuhi.

Ila kuna jambo nakukatalia, kwa heshima. Kumtetea kwa kusema "walimwonea kwa kuwa ni mwanamke" kusifike mahali pa kumnyang'anya maneno yake. Alikuwa mtu mzima mwenye akili kali, mfanyakazi wa kwanza mweusi wa ustawi wa jamii katika Hospitali ya Baragwanath, mtu aliyepambana na polisi miaka ishirini na zaidi. Alijua maana ya kila neno. Kumheshimu ni kukubali kwamba alilisema.

Jibu la 3

Yeye mwenyewe alidai maneno yalitolewa nje ya muktadha. Na kitengo cha propaganda cha makaburu, Stratcom, kilikuwa na kazi maalumu ya kumchafua. Hilo mbona hulitaji?

Mleta uzi

Asante kwa kulileta. Stratcom ilikuwepo, na afisa wa zamani wa usalama aliieleza Tume kazi hiyo ya kumchafua kwa mdomo wake. Na makaburu waliipokea sentensi ile kama zawadi. Miezi miwili baadaye, 12 Juni 1986, walitangaza hali ya hatari nchi nzima, na serikali iliyokuwa inatafuta sababu ya kuwaonyesha wageni sasa ilikuwa na sauti ya mke wa Mandela.

Lakini muktadha nilishauweka hapo juu, na kwa maoni yangu haupunguzi kitu. Ukirudisha "hatuna bunduki" mahali pake, sentensi inaeleweka zaidi, inasikitisha zaidi, ila haigeuki maana. Tairi linabaki tairi. Propaganda inaweza kukuza sauti, kukata mkanda, kurudia mara elfu. Hii hawakuhitaji kuitunga.

Kuna jambo jingine la sarufi nililoliona baadaye, na ndilo linaloniuma kuliko yote. Mwishoni mwa 1997 Winnie aliitwa mbele ya Tume, Johannesburg. Kesi haikuwa Munsieville, ilikuwa matendo ya vijana wa Mandela United, ile timu ya mpira iliyoishi nyumbani kwake, na kifo cha mtoto Stompie Seipei. Mwenyekiti alikuwa Tutu. Baada ya siku nyingi za ushahidi alimgeukia akamsihi, akirudia neno nakuomba, aseme tu: samahani, mambo yalikwenda vibaya, nisameheni. Winnie akajibu kwamba ni kweli, mambo yalikwenda vibaya mno, na kwa hilo anasikitika sana.

Isikilizeni. Mambo *ya*likwenda. Mwaka 1986 kitenzi kilianza na *tu*. Mwaka 1997 kinaanza na *ya*. Aliyekuwa na ujasiri wa kusema sisi mbele ya umati, mbele ya akina mama waliofiwa alipewa neno lisilo na mtendaji, na akalipokea. Tena lilitoka kwa Tutu mwenyewe, mtu wa Munsieville, ambaye nadhani alimwonea huruma akampa daraja jepesi la kuvukia. Simlaumu Tutu. Lakini nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama ule *tu* wa Munsieville ungesikika tena chumbani mle: tulikosea, tulimchoma, tulimwua. Ujasiri wa kusema sisi wakati wa kupiga, na ujasiri wa kusema sisi wakati wa kukiri, ni kiambishi kilekile.

Jibu la 4

Nilikuwa nimekuja kubishana, nimeishia kusoma mara mbili. Hapo kwenye *tu* na *ya* umenigusa, maana hata viongozi wa sasa hawasemi tulikosea, utasikia "kulikuwa na mapungufu". Swali moja: wanaoinukuu kwa Kiswahili wengine wanaandika "matairi", wengine "mikufu", wengine "vidani". Wewe kama mwalimu ungeitafsirije?

Mleta uzi

Nimeitafsiri mara nyingi kwenye karatasi kabla ya kuandika uzi huu.

Ukiandika "matairi" unamsaidia msomaji, anaelewa mara moja na anachukia mara moja. Lakini unamwongezea Winnie uwazi ambao sentensi yake haikuwa nao. Yeye hakutaja tairi. Alitumia jina la pambo, kama kila mtu mtaani alivyolitumia, na jina lile lilikuwa sehemu ya unyama wenyewe, kwa sababu linamruhusu mtu aliseme akiwa anatabasamu. Ukiandika "mikufu" ni sahihi, ila mkufu unaweza kuwa mwembamba, wa kila siku. Kidani ni kizito, kinajaza kifua, na kwetu kinakwenda na bibi harusi. Baada ya "tumeshikana mikono", sikio la Mswahili likisikia kidani linakwenda moja kwa moja harusini, kisha linashtuka. Nadhani mshtuko huo ndio uaminifu.

Kwa hiyo ningechagua kidani. Na nisingekubali kamwe kuitoa bila ile iliyoitangulia, wala kuificha nyuma yake. Hivi:

"Hatuna bunduki, tuna mawe tu, na viberiti, na petroli. Kwa pamoja, tumeshikana mikono, kwa viberiti vyetu na vidani vyetu, tutaikomboa nchi hii."

Darasani ningeiandika ubaoni hivyo hivyo, kisha pembeni, kwa chaki ya rangi nyingine, ningeandika jina la Maki Skosana, mahali ambapo *m* ingekaa.